Kompyuta Iliyovishwa Koti la Uzi

Ijumaa, tarehe 14 Machi 2025. Joto lilianza mapema. Kufikia saa nne asubuhi hapakuwa na upepo wa kutikisa hata jani la mgomba, ziwa lilikuwa limelala kimya, na mawingu yaliyokuwa juu ya milima ya Gembe yalikaa pale pale, hayanyeshi wala hayaondoki. Mbali majini, wadudu wa ziwani walikuwa wamepanda juu kwa makundi, wakasimama kama moshi wa watu wanaochoma taka. Yeyote kisiwani Rusinga aliyeutazama moshi huo alijua kwamba jioni, upepo ukigeuka, wadudu wangekuja nchi kavu.

Roselyn hakuuona. Alikuwa ndani ya chumba chake cha kazi kando ya barabara, mikono miwili juu ya meza, macho kwenye skrini, akisikiliza feni ya kompyuta ikipiga kelele kama kinu cha kusaga mahindi. Kwenye skrini mstari wa kijani ulikuwa unasogea polepole kwenda kulia. Ulisogea, ukasogea, ukafika penye wimbo wa Bitutu. Kisha skrini ikawa nyeusi na feni ikanyamaza.

"Tena," alisema Roselyn kwa sauti ya chini. Hakuwa mtu wa kupiga meza.

Alikuwa na miaka arobaini na saba. Baada ya kidato cha nne alifanya kazi Homa Bay katika ofisi ya wakili mmoja, akichapa barua na hati za mashamba, na huko ndiko alikozoea kutomkabidhi mtu karatasi yenye kosa. Wakili alipostaafu, Roselyn alirudi Rusinga kwa mumewe, Dishon, fundi wa mashine za boti, akiwa na mtambo wa kuchapa na kompyuta ya mtumba, ile ya kusimama, yenye kikasha kikubwa cheusi. Siku za kawaida alichapa ratiba za mazishi na barua za kuomba kazi, akatoa kopi za vitambulisho. Karatasi zake zilikatwa zikanyooka hata mtu akaona haya kuzikunja.

Kazi aliyoipenda zaidi ilikuwa video. Alipiga picha kwa simu, akazipanga kwenye kompyuta, kisha akaiacha mashine iunganishe vipande vyote viwe kitu kimoja. Hatua hiyo ya mwisho aliiita kuipika video, na ndiyo iliyokuwa inamshinda sasa.

Video yenyewe ilikuwa ya kwaya ya akina mama wa kanisa lake. Kesho yake, Jumamosi, walikuwa wanakwenda Migori kwenye mkutano wa kwaya, na kila kwaya iliombwa ilete video ya nyimbo zake ionyeshwe ukutani kabla ya chakula. Akina mama walitaka kutafuta studio Homa Bay. Roselyn, ambaye katika mikutano huwa anakaa karibu na mlango na kusikiliza tu, alisimama na kusema, "Nitaitengeneza mimi." Kila mtu aligeuka kumwangalia. Neno lilikuwa limeshatoka.

Nyimbo zilikuwa tano. Nne zilipikika vizuri. Wa tano, wimbo wa Bitutu, ukifika katikati mashine inazima. Roselyn alijaribu kuupika peke yake, ukafika katikati ukazima.

Bitutu alikuwa mwanamke wa Kisii aliyeolewa Rusinga. Mtaa mzima ulimwita Nyar Kisii, yaani binti wa Kisii, na ingawa alikuwa na watoto wakubwa waliozaliwa hapo hapo, Kijaluo chake bado kiliwachekesha watu sokoni. Ndiyo maana alizungumza na wenzake kwa Kiswahili zaidi. Kwenye kwaya alisimama safu ya nyuma mwaka baada ya mwaka. Kisha mwaka huu alitunga wimbo, akautunga kwa Kijaluo, akauimba mbele ya wenzake macho yakiwa chini. Alipomaliza hakuna aliyecheka. Lynnet, mwalimu wa kwaya, alimwambia, "Huu utauongoza wewe."

Na Bitutu ndiye aliyeivisha kompyuta ya Roselyn koti.

Lilikuwa koti kweli. Nyumba nyingi za huko zina vitambaa vya kufuma: kwenye viti, kwenye redio, juu ya televisheni. Bitutu alikuja na futi ya fundi cherehani, akakipima kikasha cha kompyuta juu, ubavuni na mgongoni, akarudi baada ya muda na koti la uzi mweupe lenye maua ya rangi ya chungwa, limefumwa likashikana, lenye tundu dogo la kitufe cha kuwashia na pindo lililogusa sakafu. Wateja walilisifu. Roselyn alilipenda kwa sababu nyingine pia: jioni za wadudu, alipoona wanavyojazana kwenye taa na kuanguka kwenye kila kitu, alishukuru kwamba mashine yake imefunikwa.

Saa tano hivi akina mama wakamwagika mlangoni, Lynnet mbele.

"Mama Bravin!" Lynnet alimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama kawaida. "Tumekuja na macho yetu. Iko wapi?"

"Imezima."

"Imezimia wapi?"

Roselyn hakutaka kusema. "Pale pale."

"Kwa Nyar Kisii?" Mlango mzima ukacheka. "Haki, hii mashine haitaki Wakisii!"

"Inawataka sana," alijibu Bitutu kutoka nyuma. "Ni vile nikianza kuimba inazirai kwa raha."

Walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Lynnet naye alicheka, kisha akajifuta macho kwa leso.

"Sasa sikiza. Basi linatoka saa tatu asubuhi. Mimi sitafika Migori nikae kupigia kwaya za watu makofi na sisi hatuna kitu. Nitapita hapa saa mbili, nichukue kile kiko. Kama huo wimbo unakataa, tukate. Nne zinatosha."

"Ni sawa," alisema Bitutu haraka. "Nne zinatosha."

Alisema huku akitabasamu, lakini mkono wake ulikuwa umeshika pindo la lile koti, na kidole kinauzungusha uzi uliochomoka, kinauzungusha tena. Roselyn alikiona kile kidole. Alijisemea moyoni kwamba video itakwenda Migori na nyimbo tano.

Wengi wa akina mama hao ni wachuuzi wa samaki. Mmoja wao alikuwa ameweka kiganja juu ya kikasha, akakitoa mbio.

"Mama yangu! Hii inachoma! Hii ingekuwa mbuta, saa hizi inanuka mpaka Mbita."

"Si tulete barafu?" mwingine akauliza.

Ilisemwa kama mzaha, lakini watu waliokulia kwenye samaki wakiona kitu cha moto hufikiria jambo moja. Kabla Roselyn hajapata neno, wawili walikuwa wameshatelemka kwenye banda la samaki, wakarudi na beseni la barafu iliyopondwa. Waliipanga kushoto na kulia kwa kikasha, wakaweka mfuko mmoja juu, juu ya koti, kwa ustadi kabisa, kama wanavyopanga samaki wa kwenda Nairobi. Roselyn, ambaye siku zote haruhusu mtu aingie mle hata na chupa ya soda, aliwapisha tu. Alikuwa amechoka na ile skrini nyeusi.

Aliwasha. Mashine ikaamka, mstari wa kijani ukaanza kusogea, akina mama wakaanza kuushangilia kama watu wanaotazama mashindano ya boti. Roselyn alipitisha mkono chini ya koti kupima joto. Bati la ubavuni lilikuwa limelowa. Matone madogo yalikuwa yamelitapakaa lote, na moja lilikuwa linateremka taratibu kuelekea kwenye waya wa stima.

Alichomoa plagi ukutani kwa nguvu.

"Tokeni nayo! Tokeni na barafu yenu!"

"Lakini imepoa!"

"Chupa ya soda baridi ukiiweka kwenye joto kama hili inafanya nini?"

"Inatoa jasho."

"Basi. Na ndani ya hii kuna stima. Hilo jasho likiingia hatutakuwa na wimbo wa Bitutu wala wa mtu mwingine."

Yule mama wa mbuta akanyanyua beseni kichwani. "Twendeni tukaipoze hiyo soda yenyewe," akasema, na msafara wote ukateremka barabarani ukicheka, njia nzima wakimwigiza Mama Bravin alivyofoka, maana hawakuwa wamewahi kumsikia akifoka.

Roselyn alikausha bati kwa taulo, akaacha mlango wazi, akasubiri mpaka alipohakikisha hakuna unyevu popote. Dishon alimkuta hapo alipokuja kula chakula cha mchana, mikono ikinuka mafuta ya mashine. Roselyn aliwasha kompyuta ili amwonyeshe. Feni ikaanza kupiga kelele.

"Inalia sana," alisema Dishon.

"Ndiyo kazi yake. Inapuliza prosesa isipate moto." Alimweleza kwamba prosesa ni kile kipande kidogo kinachofanya hesabu zote za kompyuta, na kwamba joto lake likikaribia nyuzi mia, mashine hujizima yenyewe ili kisiungue.

Dishon alitafuna, akafikiri. Mashine za boti anazotengeneza hunyonya maji ya ziwa, maji yakazunguka ndani yakachukua joto, kisha yakatoka ubavuni kwa tundu dogo. Wavuvi husema mashine inakojoa. Jambo la kwanza Dishon analomwambia kila mtu anayechukua mashine kwake ni hilo: ukiona haikojoi, zima kabla haijaungua.

"Sasa hii yako," aliuliza, "inakojoa wapi?"

Roselyn alicheka. Kisha akaacha kucheka, akaenda nyuma ya kikasha. Alilivua koti, akalitundika kwenye kiti, akaweka kiganja penye matundu ya mgongoni. Feni ilikuwa inalia kwa nguvu zake zote, lakini mkono haukuguswa na upepo wowote. Ni vuguvugu tu, kama pumzi ya mtu mgonjwa.

"Haikojoi," alisema.

"Basi imeziba. Zangu huzibwa na gugumaji. Fungua."

Alizima, akachomoa waya, akafungua bati la ubavuni. Wote wawili wakainama.

Juu ya prosesa hukaa kipande cha alumini chenye meno mengi membamba kama kitana, na juu yake feni. Kazi ya meno hayo ni kulichukua joto, na kazi ya feni ni kulipuliza litoke. Lakini meno hayakuonekana. Palikuwa na kitu kama blanketi la kijivu, kimeshikana. Roselyn alikigusa kwa ncha ya penseli, kikabanduka kipande kizima. Walikuwa wadudu wa ziwani, wamekauka, wamechanganyika na vumbi, mabawa juu ya mabawa, mwaka mzima wa jioni za wadudu.

"Hawa wameingia saa ngapi?" alishangaa. "Nimeifunika kila siku."

Dishon alionyesha kwa uma chini mbele ya kikasha, pale kinaponyonya hewa karibu na sakafu. Kila asubuhi Roselyn alifagia wadudu waliokufa, na kabla hajawafagia mashine ilikuwa imeshanyonya sehemu yake. Koti liliwazuia waliotoka juu. Waliokuwa sakafuni lilikuwa limewafungia humo humo chini ya pindo. Na hewa ya moto iliyotoka mgongoni iligonga uzi mzito ikarudi kunyonywa tena.

Roselyn aliliangalia koti pale kwenye kiti. Dishon naye akaliangalia.

"Hilo koti..."

"Nyamaza, Baba Bravin."

"Sijasema kitu."

"Leo ameambiwa mbele ya watu kwamba sauti yake inazima mashine. Sasa nimwambie na koti lake ndilo linaifunga pumzi?"

Dishon alimletea brashi yake mpya ya rangi, ambayo haijaguswa na mafuta, akarudi kazini.

Brashi ilitoa wadudu. Lakini Roselyn alipokinyanyua kile kitana cha alumini aliona tatizo la pili. Kati yake na prosesa hupakwa dawa laini ya kijivu, ili joto lipite kutoka kimoja hadi kingine bila mwanya. Yake ilikuwa imekauka ikapasuka kama tope la bwawa wakati wa kiangazi. Akanawa mikono, akapanda pikipiki, akavuka daraja kwenda mjini Mbita.

Duka la Noordin lilikuwa limefungwa kwa swala ya Ijumaa. Roselyn alikaa barazani akisubiri, kwa sababu vitu vya kompyuta alivinunua kwa Noordin na si kwingine. Noordin alifika Mbita kutoka Garissa akiwa kijana, na sasa ndevu zake zilikuwa na mvi. Alirudi taratibu katika kanzu yake, akitembea kwenye kivuli cha kuta. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani.

"Mama Bravin! Karibu. Sura hiyo ni ya nani amekufa?"

"Kompyuta, ndugu yangu. Inazima kwa joto."

"Ala! Mimi nimefunga, koo limekauka tangu alfajiri, na sijazima. Hiyo yako inakula stima kutwa nzima na inazimia?"

Alifungua mlango, akatoa bomba dogo la dawa ya kijivu. "Futa ya zamani kwanza, mpaka chuma king'ae. Halafu hii, kidogo tu, kama punje ya mahindi. Usipake kama siagi kwenye mkate. Ukifunga, itajisambaza yenyewe." Akamwangalia. "Na uivue kitambaa."

"Nani amekwambia imevaa?"

"Mama, nimefungua kompyuta za huku mpaka nimechoka. Zote huja zimevaa. Nikiuliza, naambiwa ni kazi ya shangazi."

Roselyn alicheka njia nzima ya kurudi kisiwani, na kicheko kilipokwisha alibaki na ile shida yake ya Bitutu pale pale.

Alifuta, akapaka punje moja, akafunga. Alikiinua kikasha kutoka sakafuni akakiweka juu ya matofali. Kisha akawasha na kufungua programu inayoonyesha joto la prosesa. Mashine ikiwa imekaa bila kazi, nyuzi arobaini na mbili. Asubuhi zilikuwa karibu sabini. Akaipa kipande kifupi cha video ikipike: sabini na tano, ikakaa hapo. Kwa kuwa hapendi kubahatisha, alilirudisha koti na kuipa kipande kile kile. Themanini. Themanini na nane. Tisini na mbili. Akalivua. Joto likaanza kushuka, na upepo wa moto ukampiga mkononi kutoka mgongoni kwa mashine.

"Unakojoa vizuri sana," aliiambia.

Lakini jua lilikuwa linaelekea kutua, na upepo ulikuwa umegeuka. Wadudu walifika kwa mkupuo, wakatia giza dirishani, wakaanza kutafuta taa. Roselyn alizima taa, akafunga dirisha. Chumba kikawa kama tanuri. Akiivisha mashine, itaungua. Akiiacha uchi, itameza wadudu wengine. Alikuwa bado amesimama hivyo, skrini tu ikiwaka, mlango ukabishwa.

Alikuwa Bitutu, leso imemfunika kichwa na uso kwa ajili ya wadudu.

"Mama Bravin, sikai," alisema huku akiufunga mlango haraka. "Nimekuja tu kukuambia uukate. Usiharibu mashine ya watu kwa sababu yangu. Mimi hata nyuma nitasimama, si nimezoea?"

Kisha akaliona koti kwenye kiti.

"Umeivua."

"Nilikuwa nafuta vumbi."

"Na kwa nini imewaka na haijavaa?"

Roselyn alifungua mdomo. Katika maisha yake alikuwa amechapa maelfu ya kurasa za uongo wa watu mahakamani, lakini wake mwenyewe haukuja.

"Ni joto," alisema mwishowe. "Linashindwa kutoka. Uzi umeshikana sana, umefuma vizuri mno. Wadudu walikuwa wameziba ndani, na nje koti likamalizia."

Bitutu alilichukua koti, akalishika kifuani. Mabega yake yakaanza kutikisika. Roselyn alimsogelea kumshika mkono, ndipo akaona kwamba mwenzake anacheka, anacheka mpaka machozi.

"Kwa hivyo si sauti?"

"Si sauti."

"Ni koti!"

"Ni koti, na wadudu, na mimi pia. Huo wimbo wako niliupenda nikauzidishia madoido. Picha nne nne kwa pamoja. Ndio unaipa mashine kazi nyingi kuliko zingine."

"Wacha! Mimi tangu juzi silali. Nasema, hata kompyuta imesikia vile natamka Kijaluo."

"Kompyuta haijui Kijaluo, Nyar Kisii."

"Afadhali yake! Haijui vile inakosa." Akajifuta uso. "Makasi yako wapi?"

"Ya nini?"

"Niletee nikuonyeshe."

Alikata uzi mmoja mgongoni mwa koti, akauvuta. Safu moja ikafumuka, ikafuata nyingine, uzi ukimwagika mapajani mwake kwa mikunjo midogo. Roselyn aliumia kuyaona maua ya rangi ya chungwa yakipotea, lakini mikono ya Bitutu haikusita. Mgongo wote ukaondoka, na mbele chini pindo likapanda. Alifunga ncha, akalinyanyua.

"Gauni la bibi arusi," alisema. "Mgongo wazi. Avae wakati amelala tu, akianza kazi avue."

"Na wadudu je?"

Bitutu alilitazama dirisha lililofungwa, likiwa jeusi kwa mabawa. "Wewe unakula omena yangu kila wiki, hujaona vile naianika? Naifunika na chandarua nzee. Upepo unapita, inakauka, nzi wanabaki nje wakiimba. Kwa nini unafunika mashine? Funika dirisha."

Alijitanda leso, akatoka mbio, akarudi na chandarua chenyewe, kimefuliwa lakini bado kinanukia omena, wale dagaa wa ziwani. Walikikunja mara mbili, wakakipigilia kwenye fremu ya dirisha kwa misumari midogo ya Dishon, Bitutu akishikilia, Roselyn akipima kila pembe mpaka Bitutu akamwuliza kama wanafunika dirisha au wanashona suti. Kilichobaki wakakining'iniza mlangoni.

Hawakuipika video saa hiyo. Bati la paa lilikuwa bado linatoa joto la mchana, na wadudu waliokwisha kuingia walikuwa wanaizunguka skrini. Roselyn aliamua kusubiri alfajiri, hewa ikiwa baridi. Ingekuwa nafasi moja tu kabla ya saa mbili, na stima ikipotea basi.

"Ikizima je?" aliuliza Bitutu mlangoni.

"Haizimi."

Bitutu alimwangalia kidogo, akaitikia kwa kichwa, akaondoka.

Asubuhi yake Roselyn aliamka kabla jua halijatoka. Alifagia wadudu waliokufa kizingitini, rundo zima la kijivu, akawatupia kuku. Ndani ya chumba sakafu ilikuwa safi. Alifungua dirisha, na upepo mtulivu ukaingia kupitia chandarua, ukaleta harufu ya omena na ya majani yenye umande. Akalivua lile gauni la mgongo wazi, akalikunja, akawasha mashine.

Mstari wa kijani ulianza kusogea. Nyuzi sitini na moja. Sitini na nane. Wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Sabini na mbili. Dishon alikuja na chai, akaweka mkono nyuma ya kikasha, akasema, "Inakojoa," akaenda zake ziwani. Wimbo wa nne ukapita. Mstari ukagusa wimbo wa Bitutu. Sabini na sita. Roselyn alishika kikombe bila kunywa. Mstari ukafika katikati, pale pale, na akajikuta anaimba yeye mwenyewe, kwa sauti ndogo, sehemu ya Bitutu. Sabini na saba. Sabini na sita. Mstari ukapita katikati, ukaenda, ukaenda, ukagota mwisho.

Aliitazama video yote tangu mwanzo, kutafuta kosa. Hakulipata. Aliinakili kwenye flashi, akazima mashine, akangoja feni isimame kabisa, kisha akaivisha.

Saa mbili Lynnet alifika, amevaa sare ya kwaya, mkono ameshaunyoosha. Akina mama wengine walikuwa kando ya barabara na mikoba yao, na Bitutu alikuwa nyuma yao wote.

"Niambie ukweli, Mama Bravin. Ziko ngapi?"

Roselyn alimpita Lynnet, akawapita na wengine, akaenda mpaka nyuma. Aliichukua ncha ya leso ya Bitutu, akaiweka flashi ndani, akaifunga mafundo mawili, akaivuta kuhakikisha imekaza.

"Mwenye wimbo ataibeba," alisema. "Na asikae nayo juani."